Namba ya Watanzania wote: jinsi ya kuichambua 61,741,120 kwa kalamu na daftari

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi. Mwaka 2022, kama walimu wengi, nilivaa kizibao cha karani wa sensa, nikashika kishikwambi na kupita nyumba kwa nyumba na swali lilelile: ni nani na nani walilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti?

Nyumba moja bibi alinitolea mtoto mchanga aliyefungwa kanga, amezaliwa alfajiri ya siku hiyohiyo. Akataka nimwandike. Nikamweleza kwamba sensa inahesabu waliokuwepo usiku ule, na huyu alikuwa bado hajafika duniani. Bibi hakuridhika. "Mwalimu, si huyu hapa unamwona?" Nilikuwa namwona, ila utaratibu ulikuwa wazi, nikafunga dodoso la kaya ile bila yeye.

Tarehe 31 Oktoba, pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza jumla: 61,741,120. Milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Niliiandika kwenye daftari la hesabu siku hiyohiyo, na tangu hapo nimeitumia kuwafundisha wanafunzi, na watu wazima wanaonijia jioni, jinsi ya kuifungua namba kubwa mpaka ndani. Hapa nitaeleza njia ninayoifuata. Unahitaji kalamu, daftari, jedwali la kuzidisha ulilolishika kichwani, na jioni moja tulivu. Simu iache chumbani. Kikokotoo kitakupa jibu, lakini hakitakuonyesha njia, na raha yote ya kazi hii imo njiani.

Kabla ya lolote, hakikisha namba uliyoiandika ndiyo yenyewe. Mara ya kwanza niliinukuu vibaya: niliandika 61,471,120, nimegeuza 7 na 4. Nilihangaika nayo jioni nzima kabla ya kugundua. Kinga yake ni rahisi, kwa sababu namba hii ilikuja na vipande vyake: Tanzania Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773.

Jumlisha tarakimu za kila namba. Bara: 5+9+8+5+1+3+4+7 = 42, kisha 4+2 = 6. Zanzibar: 1+8+8+9+7+7+3 = 43, kisha 4+3 = 7. Jumlisha 6 na 7 upate 13, kisha 1+3 = 4. Sasa jumla yenyewe: 6+1+7+4+1+1+2+0 = 22, na 2+2 = 4. Zimekutana. Hayo ndiyo mabaki ya kugawa kwa 9, na kama hesabu ya kujumlisha ni sahihi lazima yalingane.

Ila kipimo hiki hakikunisaidia siku ile. Ukigeuza tarakimu mbili, jumla yake haibadiliki, na kosa linapita mlangoni likisalimia. Ndiyo maana siku hizi nafanya na kipimo cha 11: anza kulia, toa na jumlisha kwa kupokezana. Bara ni 7−4+3−1+5−8+9−5 = 6. Zanzibar ni 3−7+7−9+8−8+1 = −5. Jumla inatakiwa iwe 1. Pima 61,741,120: 0−2+1−1+4−7+1−6 = −10, na ukiongeza 11 unapata 1. Safi. Pima ile niliyoikosea, 61,471,120: inatoa −4, yaani 7. Kosa limekamatwa. Tumia vipimo vyote viwili kila mara. Havichukui hata dakika tatu.

Sasa tuingie ndani. Anza na mkia wa namba, maana mkia ndio mwepesi. Sifuri mwishoni inakuambia 2 na 5 zimo. Swali ni: 2 zimo ngapi? Wengi hugawa kwa 2, wakagawa tena, wakagawa tena, na njia hiyo haina ubaya. Lakini tazama hii. Kumi hugawanyika kwa 2, mia kwa 4, elfu kwa 8, elfu kumi kwa 16, laki kwa 32, milioni kwa 64. Kwa hiyo kujua kama namba inagawanyika kwa 8, angalia tarakimu tatu za mwisho tu, kwa sababu zilizobaki ni maelfu na maelfu yote yanakubali. Tarakimu tatu za mwisho ni 120, ambazo ni 8 mara 15. Nne za mwisho: 1,120 ni 16 mara 70. Tano: 41,120 ni 32 mara 1,285. Sita: 741,120 ni 64 mara 11,580. Saba: 1,741,120 ukigawa kwa 128 unapata 13,602 na nusu. Hapo imegoma. Basi 2 zimo sita kamili.

Toa 64 na 5 kwenye namba, yaani gawa kwa 320, na kilichobaki ni 192,941. Namba ya tarakimu nane imepungua mpaka sita, na hatujatoka jasho.

Kwa 3 na 9 kazi tulishaifanya: jumla ya tarakimu ni 22, haigawanyiki kwa 3, tusonge.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozipima zote kwa mpigo, nami ningependa kila mtoto amalize shule ya msingi akiwa nayo. Zidisha 7 kwa 11 kwa 13: unapata 1,001. Elfu moja ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu. Kwa hiyo, mbele ya hawa watatu, kila elfu ni kama −1, na kila milioni, ambayo ni elfu mara elfu, ni kama +1. Ikate namba yako palepale penye mikato yake, kundi la tatu kwa tatu, kisha pokezana ishara kuanzia kulia:

120 − 741 + 61 = −560

Sasa shughulika na 560 peke yake. Kwa 7 ni 80, imekubali. Kwa 11 inabaki 10, imekataa. Kwa 13 inabaki 1, imekataa. Namba tatu, hesabu moja. Binti mmoja wa dawati la mbele alipoiona ubaoni mara ya kwanza alisimama akauliza kama inafanya kazi kwa namba yoyote. Inafanya. Akatumia kipindi kizima cha mapumziko kuijaribu kwenye namba za simu za wazazi wake.

Kumbuka ile −560. Tutairudia.

Kwa kuwa 7 imo, gawa: 192,941 ÷ 7 = 27,563. Je, 7 imo mara ya pili? Hapa tumia njia ya kukata mkia: chukua tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, itoe kwenye zilizobaki. 27,563 inakuwa 2,756 − 6 = 2,750. Kisha 275 − 0 = 275. Kisha 27 − 10 = 17. Kumi na saba haigawanyiki kwa 7, basi haimo tena.

Tumebaki na 27,563, na kuanzia hapa hakuna njia ya mkato ya mkia wala ya tarakimu. Ni kugawa tu kwa namba tasa, moja baada ya nyingine. Lakini usianze kugawa bila kujua unakoishia. Kipeuo cha pili cha 27,563 ni 166 na kitu kidogo, kwa sababu 166 mara 166 ni 27,556. Kama namba hii ina vigawo viwili zaidi ya 1 na yenyewe, haiwezekani vyote viwe vikubwa kuliko 166. Kwa hiyo ukigawa kwa namba zote tasa mpaka 163 na zote zikakataa, namba yenyewe ni tasa, unafunga daftari. Namba tasa mpaka 163 ziko 38. Tano za mwanzo, na 13, tumeshazimaliza.

Andika mabaki yako pembeni, usiyategemee kichwani:

17 inabaki 6
19 inabaki 13
23 inabaki 9
29 inabaki 13
31 inabaki 4
37 inabaki 35
41 inabaki 11
43 inabaki 0

43 mara 641 ni 27,563. Nilipofika hapa mara ya kwanza umeme ulikuwa umekatika, nagawa kwa mwanga wa taa ya sola, na ile sifuri ilinifanya niigawe tena mara mbili kabla ya kuiamini.

Je, 641 nayo ni tasa? Hapa wanafunzi wengi huanza upya: 2, 3, 5, 7. Hakuna haja. Kitu chochote kinachogawa 641 kinagawa pia 27,563, na tumeshaona kwamba namba zote tasa za chini ya 43 zimeikataa 27,563. Kipeuo cha 641 ni 25 na kidogo. Tumepita mbali. 641 ni tasa.

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Hiyo ndiyo namba yetu yote, imefunguliwa. Rudi nyuma kwa kuzidisha ili uhakikishe: 64 mara 5 ni 320, mara 7 ni 2,240, mara 43 ni 96,320, mara 641 ni 61,741,120.

Nisimame kidogo kwenye 641, kwa sababu wapenzi wa namba wanaifahamu tangu zamani. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba namba za mtindo wa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, ukiongeza moja, zote ni tasa. Za mwanzo zinamuunga mkono: 3, 5, 17, 257, 65,537. Inayofuata ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha kwamba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Ni 641 ileile iliyojificha kwenye hesabu ya watu wetu. Na uthibitisho wake unaenea kwenye kiganja. 641 ni 5 × 128 + 1, maana yake 5 × 2⁷, ukigawa kwa 641, ni kama −1. Pandisha yote kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni kama 1. Lakini 641 ni pia 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo 5⁴ ni kama −2⁴. Iweke mahali pake: −2³² ni kama 1. Basi 2³² + 1 haina baki. Isome polepole mara mbili, na kalamu mkononi. Mimi bado naisoma hivyo.

Sasa jambo ambalo natamani ningelijua kabla ya ile jioni ya kugawa. Matokeo ya sensa yalitaja pia wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Ukiwa na namba mbili kubwa unaweza kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS yetu ya darasani, bila kujua kigawo chochote cha namba yoyote kati ya hizo. Njia ni ya Euklidi, Mgiriki wa kale, ya zaidi ya miaka 2,000, na msingi wake ni huu: kinachogawa namba mbili kinagawa pia tofauti yake. Kwa hiyo gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, kisha gawa ile ndogo kwa baki, endelea mpaka ufike sifuri.

31,687,990 ÷ 30,053,130: mara 1, baki 1,634,860
30,053,130 ÷ 1,634,860: mara 18, baki 625,650
1,634,860 ÷ 625,650: mara 2, baki 383,560
625,650 ÷ 383,560: mara 1, baki 242,090
383,560 ÷ 242,090: mara 1, baki 141,470
242,090 ÷ 141,470: mara 1, baki 100,620
141,470 ÷ 100,620: mara 1, baki 40,850
100,620 ÷ 40,850: mara 2, baki 18,920
40,850 ÷ 18,920: mara 2, baki 3,010
18,920 ÷ 3,010: mara 6, baki 860
3,010 ÷ 860: mara 3, baki 430
860 ÷ 430: mara 2, baki 0

KKS ni 430, yaani 2 × 5 × 43. Na kinachogawa wanaume na wanawake kinagawa jumla yao. Ile 43 niliyoisaka kwa kugawa moja moja ilikuwa inanisubiri hapa, mistari kumi na miwili tu. Darasani ninafundisha watoto kupata KKS kwa kuchambua vigawo tasa kwanza, kama mtaala unavyotaka, na kwa namba ndogo njia hiyo inatosha. Kwa namba kubwa ni kazi ya kujichosha. Anayesoma hapa na ana mtoto wa darasa la sita, amfundishe na hii.

Huwa naulizwa 43 hiyo ina maana gani kwa nchi. Haina. Ukiokota namba mbili ovyo, nafasi ya zote mbili kugawanyika kwa 43 ni karibu moja katika 1,849, na jambo la moja katika 1,849 hutokea mahali fulani kila siku. Sipendi watu wanaochukua namba na kuzifanyia ramli. Namba hii ina mambo ya kweli ya kutosha.

Mojawapo ni idadi ya vigawo vyake vyote. Huhitaji kuviorodhesha. Kutengeneza kigawo, unaamua uchukue 2 ngapi: sifuri mpaka sita, hizo ni njia 7. Kisha 5 unaichukua au unaiacha, njia 2. Vivyo hivyo 7, 43 na 641. Zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Vigawo 112, kuanzia 1 mpaka yenyewe.

Na ukivijumlisha? Tumia mpangilio uleule: (1+2+4+8+16+32+64) × (1+5) × (1+7) × (1+43) × (1+641), yaani 127 × 6 × 8 × 44 × 642 = 172,199,808. Ondoa namba yenyewe, inabaki 110,458,688. Vigawo vyake vidogo vikikusanyika vinaizidi mbali. Linganisha na 28, ambayo 1+2+4+7+14 vinairudisha palepale.

Vigawo 112 ni jozi 56, na kila jozi ni namna ya kuwapanga watu wote hawa kwenye mstatili usiobakiza mtu. Darasani tuliuliza: ni mstatili gani ulio karibu zaidi na mraba? Kipeuo cha pili kiko kati ya 7,857 na 7,858. Upande mmoja lazima ubebe 641, kwa hiyo tafuta cha kuizidishia kilicho karibu na 12 na robo. Kumi na mbili haiwezekani, maana 3 haimo. Iliyo karibu zaidi ni 14: 641 × 14 = 8,974, na upande wa pili ni 6,880. Mistari 6,880, kila mmoja watu 8,974. Watoto walitoka nje kupima hatua wakitaka kujua uwanja wa namna hiyo ungefika wapi.

Jambo dogo kwa wenye jicho: namba inaanza na 6174. Mwalimu wa shule wa India, Kaprekar wa Devlali, aligundua mwaka 1949 kwamba ukichukua tarakimu nne, mradi zisiwe zote nne sawa, ukazipanga kutoka kubwa kwenda ndogo, ukatoa mpangilio wa kinyume, ukarudia, unaishia 6174 daima, ndani ya hatua saba. Jaribu na mwaka wa sensa, 2022: 2220 − 0222 = 1998; 9981 − 1899 = 8082; 8820 − 0288 = 8532; 8532 − 2358 = 6174.

Sasa turudi kwa −560, na kwa yule mtoto wa alfajiri.

Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kwa sababu tofauti yake ni 1. Maana yake, ningemwandika yeye peke yake, 2 zote sita zingeondoka, na 5, na 7, na 43, na 641. Hakuna hata moja ingebaki. Fanya hesabu ya makundi kwa 61,741,121:

121 − 741 + 61 = −559

559 ni 13 mara 43. Kwa 13 imekubali, kwa 7 inabaki 6. Saba imetoka, kumi na tatu imeingia. Usidanganywe na ile 43 hapo ndani: njia ya makundi ni ya 7, 11 na 13 tu, na 43 haiwezi kuwamo kwenye namba mbili zinazofuatana.

61,741,121 = 13 × 4,749,317

Hapo ndipo nilipo sasa. Namba ya kuchambua ni 4,749,317. Kipeuo chake ni 2,179 na kidogo, kwa hiyo njia ni ndefu. Nimeshajaribu zote mpaka 37, zimekataa, na 13 haimo mara ya pili. Arobaini na moja ndiyo inayofuata, nayo nitaifanya leo baada ya chakula cha usiku. Yule mtoto anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu.